Majaribio ya Kijani Niliyokataa Kuyasaini

Chef, mkubwa wetu wa kazi, aliniwekea karatasi mezani, akaweka na biki, kalamu yake, juu, akasema, "Saini hapa, mama. Mashine imeshakubali yote."

Ilikuwa Jumanne asubuhi, katika ofisi yetu ya Dilala, mjini Kolwezi, ndani ya nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi ambayo kampuni ilikuwa imeikodi na kuipaka rangi nyeupe kwa haraka, mpaka kingo za vioo zikapakwa nazo. Nje, madereva wa pikipiki za taxi-moto walikuwa wakiita abiria wa mtaa wa Mashamba. Ndani tulikuwa watu wanne na kompyuta sita, na siku courant, yaani umeme, ilipokatika tulikuwa watu wanne na joto. Mimi nilikuwa mtu wa majaribio. Programu yoyote tuliyoitengeneza haikutoka mlangoni kabla sijasoma matokeo yake, ya mashine na ya mkono, na kuandika jina langu chini: imekubaliwa, au haikukubaliwa.

Programu ya siku hiyo ilikuwa ya kuonya watu. Mgodi mmoja jirani ulikuwa ukilipua miamba karibu na mtaa wenye familia nyingi, na kila mara kabla ya mlipuko mtu mwenye megafoni alipita kwenye vichochoro akipiga kelele. Alipougua, au upepo ulipovuma upande mwingine, watu hawakusikia. Ndipo mgodi ukatuomba tutengeneze programu itakayopeleka ujumbe kwenye simu za mtaa mzima kwa mara moja: tokeni, vukeni barabara, ngojeni huko. Tuliifanyia kazi miezi minne. Ilikuwa kazi nzuri, na mpaka leo nasema ilikuwa nzuri.

Matokeo ya mashine yalikuwa kijani kutoka juu mpaka chini. Majaribio ya otomatiki ni programu ndogo zinazoiuliza programu kubwa maswali: ukibonyeza hapa, inatuma? Ukikosea namba, inakataa? Jibu likiwa sawa linawaka kijani, likiwa baya linawaka nyekundu. Yetu yaliandikwa na timu nyingine ya kampuni, watu wenye akili sana, walioishi mbali na ambao hawakuwahi kukanyaga Kolwezi. Dakika tisa tu, yote yamekwisha. Majaribio ya mkono yalikuwa mimi, daftari, na mfuko wa simu tano nilizonunua sokoni zikiwa zimeshatumika, kila moja na ugonjwa wake.

Kwenye karatasi ya chef, safu ya otomatiki ilijaa alama za vyema. Safu ya mkono ilikuwa tupu, ikiningoja. Sikuigusa biki.

"Chef, ripoti ya Jumamosi umesoma?"

"Nimesoma."

"Basi unajua sitasaini."

Jumamosi ile nilikuwa nimekwenda mtaani kwenyewe. Niliomba ruhusa kwa mkubwa wa mtaa, nikapita nyumba sita zilizo karibu na ukingo wa shimo, nikaeleza polepole kwamba hakuna mlipuko leo, ni jaribio tu, lakini naomba kila mtu afanye kile simu yake itakachomwambia, wala asiniulize mimi. Kisha nikavuka barabara, nikasimama upande wa pili na daftari langu, nikampigia mwenzangu wa ofisini atume.

Watu walianza kutoka. Wa kwanza alikuwa baba mmoja na watoto wake watatu, wakicheka, maana walijua ni mchezo. Nyuma yao akatoka mama mmoja muuza makala, yale makaa ya kupikia, mwanamke mnene wa makamo, vidole vyeusi, simu ndogo ya vitufe mkononi, imefungwa kwa mpira ili betri isianguke. Alikuwa anakuja moja kwa moja kwangu. Akafika karibu kabisa na barabara. Simu yake ikalia tena. Akasimama, akaisoma akiwa ameiweka mbali na macho, akageuka, akarudi alikotoka. Aliingia nyumbani kwake na kufunga mlango.

Nilidhani amesahau kitu. Nikahesabu dakika tano, kisha kumi. Wengine wawili nao wakageuka vilevile, njiani, kama watu walioitwa kwa jina. Nikavuka kwenda kugonga mlango wake.

"Mama, mbona ulirudi?"

"Simu njo imenirudisha." Alinipa niione. "Mi nilikuwa naenda, umeniona. Nafika ku barabara, inalia, inaniambia rudi. Sasa mi nitabishana na mugodi?"

Kwenye kioo kile kidogo chenye mikwaruzo palikuwa na maneno haya, peke yake, bila chochote mbele yake: rudi nyumbani kabla ya king’ora cha pili.

Nikarudi nyuma kwenye ujumbe uliotangulia. Onyo: mlipuko leo saa nane. Tokeni, mwende ng’ambo ya barabara, msi

Mwisho. Hakuna nukta. Neno "msirudi" lilikuwa limekatwa katikati. Kichwa chake kimebaki kwenye ujumbe wa kwanza, na mwili wake umefika baadaye kidogo, ukiamuru kinyume.

"Na hii king'ora," mama akaniuliza, "ni muntu?"

"Ni sirene, mama. Ile inayolia."

"Sasa kama ni sirene, kwa nini habakuandika sirene?"

Nilimshukuru, nikaandika kila kitu, nikapiga picha ya kioo cha simu yake, nikapanda taxi-moto kurudi mjini. Sikuwa nimeogopa wakati ule pale mlangoni. Niliogopa baadaye, nilipowaza kwamba ingekuwa siku ya kweli, saa nane kamili, mawe yanaruka, na mama yule amekaa ndani, amefunga mlango vizuri, kwa utii.

Ndiyo sababu Jumanne ile nilisema sitasaini.

Chef wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, mwenye elimu, aliyetuletea mkate moto kila Ijumaa na kutuuliza habari za watoto wetu. Lakini kazi ilipaswa kukabidhiwa Alhamisi, na alikuwa amekwisha kuahidi. Aligeuza kompyuta yake nione, akaendesha majaribio yote upya mbele yangu. Dakika tisa. Kijani. Akaendesha tena. Kijani.

"Umeona? Mara tatu sasa pamoja na ya jana. Mashine haichoki, haina macho mabovu, haina simu ya kufunga na mpira. Wewe ulijaribu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja! Na simu za wale bamama zote ni bibovu. Hiyo haina kosa ya programu, ni ya simu."

Hapo alinigusa pabaya, kwa sababu sehemu moja ya maneno yake ilikuwa kweli. Mkono hukosea. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeikataa programu nzima ya kupanga zamu kwa sababu nilibonyeza kitufe kibaya mimi mwenyewe, na timu ikapoteza siku mbili ikitafuta kosa ambalo halikuwapo. Mbaya zaidi, mara nyingine nilikubali kitu ambacho sikukimaliza. Nilikuwa nimechoka, nikaandika "sawa" kwenye mistari minne ya mwisho bila kuijaribu. Hakuna aliyejua. Mimi najua. Kwa hiyo sikuweza kumwambia chef kwamba mkono wangu ni mtakatifu na mashine yake ni mjinga. Nilimwambia, "Nipe mpaka mchana. Nikikosea mimi, nitasaini na nitakuomba msamaha mbele ya wote."

"Mpaka mchana," akasema.

Nilianza kwa kusoma majaribio yenyewe. Si matokeo, majaribio: yaliandikwaje, yanauliza nini. Ni jambo ambalo wanaosaini wengi hawalifanyi, nami kwa muda mrefu sikulifanya. Tunaona kijani, tunafurahi, tunapita. Nilitafuta mahali programu ilipojaribiwa kutuma ujumbe, na nilipopaona nilisoma mara mbili, maana sikuamini. Ujumbe waliokuwa wakiutuma ulikuwa na neno moja na tarakimu tatu: Test 123. Hawakuwahi kutuma onyo lenyewe, hata mara moja. Na baada ya kutuma, jaribio liliuliza swali moja kwa kituo cha kutuma ujumbe: umepokea? Kituo kikajibu: nimepokea. Kijani. Hakuna mahali popote palipouliza kama muuza makala amepokea, wala amepokea nini.

Niliinuka, nikanywa maji, nikakaa tena. Sasa nilijua kwa nini mashine haikuona. Lakini sikujua bado kwa nini ujumbe ulikatika, na bila kujua hilo chef angeendelea kusema ni simu.

Nikatoa simu zangu tano, nikazipanga mezani. Kwanza niliandika onyo kwa vidole vyangu, neno kwa neno, nikalituma. Simu zote zikalia mara moja, na kwenye zote, hata ile mbovu kuliko zote, ujumbe ulikuwa mzima. Basi ni kweli, nilikosea? Nikachukua maneno yaleyale kutoka kwenye faili ya mfasiri aliyetutafsiria, nikayanakili, nikayatuma. Simu tatu zikalia mara moja. Mbili, zile za vitufe, zikalia mara mbili.

Maneno ni yaleyale. Nilikuwa nayo yote mawili mbele yangu, moja juu na moja chini, na sikuona tofauti hata moja. Nikayakuza. Nikayakuza tena mpaka herufi zikawa kubwa kama kiganja, na hapo nikaona. Ilikuwa ile alama ndogo ya juu kwenye "ng'ambo". Niliyoiandika mimi ilisimama wima. Ya mfasiri ilikuwa imepinda, kama mkia, kwa sababu programu yake ya kuandikia huipindisha yenyewe ili ipendeze kwenye karatasi. Na kwenye "king'ora" vilevile.

Mtandao wa simu una orodha yake ya herufi nyepesi, na alama iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo. Ikiwapo hata moja tu, ujumbe wote unahesabiwa kuwa mzito: badala ya kupita herufi mia moja na sitini kwa pamoja, zinapita sitini na saba, na zinazobaki zinasafiri kama kipande cha pili. Simu mpya huvishona vipande hivyo, mtu asijue kitu. Simu za vitufe za pale sokoni, nyingi hazishoni. Nilihesabu kwa ncha ya kidole kwenye kioo, pamoja na nafasi na nukta. Herufi ya sitini na saba ilikuwa ile "i" ya "msi".

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Lugha yetu wenyewe, alama tunayoiandika tangu shule ya msingi bila kuitazama, na hakuna hata mmoja katika mradi mzima aliyefikiri kuituma kwenye simu ya mtu.

Baba yangu alikuwa msafirishaji. Familia yetu ilitoka mashariki, Maniema, ikaja na biashara na malori, na baba aliendesha lake kati ya Kolwezi na Likasi miaka mingi. Alikuwa na karatasi ya ukaguzi wa gari, yenye muhuri, na aliiheshimu. Aliiweka kwenye plastiki pamoja na dua zake. Lakini kila alfajiri kabla ya safari alizunguka lori na kipande cha chuma, akagonga kila tairi, akasikiliza. Polisi mmoja alimcheka: si una karatasi, mzee? Baba akamwambia karatasi ilipigwa muhuri mwezi uliopita na tairi linaondoka leo. Nilikuwa nikimwona nikidhani ni tabia za wazee. Sikujua kwamba nilikuwa nikifundishwa kazi.

Mchana ulipofika nilimwita chef, nikamwonyesha yote: Test 123, alama mbili, simu tano. Alielewa upesi kuliko mimi. Akapiga meza kwa furaha.

"Mama, umeona kosa! Kadogo vile! Tunanyoosha alama, imeisha. Bravo. Sasa saini."

"Nisaini nini?"

"Hii. Ya Alhamisi. Tunakabidhi, wiki ijayo tunapeleka correction."

"Chef, hii ndiyo mbovu. Toleo lililo kwenye karatasi hii ndilo linalorudisha watu nyumbani. Unataka niandike kwamba ni zima?"

"Hawatalitumia wiki hii."

"Nani kakuambia? Wakishaipokea ni yao."

Alifunga mlango wa chumba. Sauti yake ikashuka, na aliposhusha sauti nilijua tumeacha kuzungumza juu ya alama. Akaniambia kurekebisha kunataka toleo jipya, na toleo jipya linataka majaribio mapya, na maneno yale yalikwisha kukubaliwa na mteja, na kila mtu angeonekana mjinga. Akaniambia kuna njia rahisi: safu ya mkono niandike kwamba haihusiki. Otomatiki inatosha siku hizi. Kote duniani inatosha.

"Andika haihusiki, hakuna atakayekuuliza."

"Mama yule atauliza."

"Mama gani?"

"Wa makala."

Akanitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Wewe ni mtu wa kubonyeza simu, dada. Usijifanye injinia."

Nilichukua biki yake. Aliona naichukua, akadhani amenishinda. Kwenye safu ya mkono niliandika: haikukubaliwa. Chini yake, kwenye ukingo wa karatasi, kwa herufi ndogo ili zienee, niliandika sababu: ujumbe unakatika katika neno "msirudi", watu watatu kati ya familia sita walirudi kwenye eneo la mlipuko. Nikatia saini hapo. Jina langu lilikuwa limefungwa kwenye neno "haikukubaliwa", na nililipigia mstari chini.

"Hii ndiyo saini yangu," nikamwambia. "Nyingine sina."

Jumatano nilikuta karatasi mpya kwenye printa. Ilikuwa ileile, safi, haina maandishi yangu. Safu ya mkono ilikuwa imeondolewa yote, na mahali pa jina langu palikuwa na jina la chef. Niliishika muda mrefu. Sikuichana. Nikairudisha kwenye printa kama nilivyoikuta, nikaenda mezani kwangu, nikaweka simu tano kwenye mfuko.

Alhamisi hakuna aliyeniambia nije. Mwaliko wa mkutano wa kukabidhi kazi ulikuwa umenitaja tangu mwezi uliopita, na hakuna aliyekumbuka kunifuta. Niliwaona wenzangu wakiondoka kwa gari, nikatoka nikapanda taxi-moto. Dereva aliniuliza mbona nimekumbatia mfuko hivyo, nina mayai? Nikamwambia ndiyo, endesha polepole.

Nilipoingia ukumbini kwenye ofisi za mgodi, chef alikuwa amesimama mbele, ukutani nyuma yake kuna orodha ndefu ya kijani. Aliponiona alitazama mfuko wangu, kisha akaendelea. Nilikaa mwisho. Mbele alikaa injinia wa usalama wa mgodi, mzee mmoja wa Katanga ya kaskazini, mwenye msalaba mdogo wa mbao shingoni na jaketi lenye vumbi la shimoni. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuandika kitu.

"Ni muzuri," akasema. "Na kwa mukono? Nani alijaribu?"

Chef akafungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimesimama.

"Ni mi, tata," nikamwambia, kama tunavyowaita wazee.

"Na ulikubali?"

"Hapana. Nilikataa."

Kuna baridi inayoingia ukumbini watu wakisikia neno kama hilo mbele ya mteja. Chef alisema kwa haraka kwamba ni tatizo dogo la simu za zamani, limekwisha kujulikana, litarekebishwa. Mzee akainua mkono, si kwa ukali.

"Nionyeshe."

Nilikuwa nimepanga kutumia simu zangu. Lakini nikafikiri, watasema ni mbovu, nilizichagua mwenyewe. Nikamwomba namba yake. Akaingiza mkono ndani ya jaketi, akatoa simu ya vitufe, nyeusi, imezungushiwa utepe wa plastiki. "Ya kioo inapasukaka ku shimo," akasema, kama anayeomba radhi. Moyoni nilisema asante Mungu. Nikaenda kwenye kompyuta ya chef. Alisogea, sina budi kusema hivyo. Alisogea na kunipisha. Nikatuma onyo, lilelile, kutoka kwenye programu ileile iliyokuwa imewaka kijani ukutani.

Simu ikalia. Mzee akasoma kwa sauti, akaishia kwenye "msi". Akakunja uso. Simu ikalia tena.

"Rudi nyumbani kabla ya king'ora cha pili," akasoma. Akalisoma mara ya pili, kwa sauti ya chini. Kisha akaiweka simu mezani, taratibu.

"Mi nimeokota watu pale, wamepigwa na mawe," akasema.

Kisha akamgeukia chef. "Mashine ilisema nini?"

"Ilisema sawa, tata."

"Iliuliza nani?"

Chef aliigeukia orodha ya ukutani. Nilimhurumia, kweli, lakini si sana.

Siku ile hakikukabidhiwa kitu. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za kazi tupu. Niliandikiana na mmoja wa wale waliotengeneza majaribio kule mbali, nikingojea kiburi, akaniandikia tu: hatukujua, tunaomba utufundishe maneno yanayotumwa kweli. Tukaandika pamoja jaribio jipya linalotuma onyo lenyewe, linalohesabu herufi, linalowaka nyekundu likiona alama iliyopinda. Hilo ni jaribio la otomatiki na ninalipenda. Kila jioni linafanya kazi ambayo mimi ningeifanya vibaya kwa kuchoka. Lakini maneno hayakutoka kwenye mashine. Niliyapeleka mtaani, nikakaa na yule mama wa makala na majirani zake juu ya vigoda, wakayafuta karibu yote. King'ora kikaondoka. Walibishana nusu saa juu ya neno moja. Mwishowe onyo likabaki hivi: Bantu bote mutoke. Muvuke barabara. Mubakie kule mpaka sirene ya pili. Mfasiri aliuona ujumbe ule akasema si Kiswahili sanifu. Nikamwambia ni kweli, si sanifu, unafika.

Siku ya mlipuko wa kwanza wa kweli nilikwenda bila kutumwa. Nilisimama upande wa pili wa barabara katikati ya watu, simu zikalia, milango ikafunguliwa, watu wakaja na watoto, na masufuria, na mbuzi mmoja. Hakuna aliyegeuka njiani. Ardhi ikatikisika chini ya viatu vyetu na vumbi likapanda. Tulingoja. Sirene ya pili ikalia, watu wakarudi kupika.

Mkataba wangu ulipokwisha haukuendelezwa. Barua ilikuwa ya adabu. Ilisema nilikosa roho ya timu. Niliisoma ofisini, mbele ya chef, nikamwuliza kama ndiye aliyeiandika. Akasema imetoka juu. Nikamwambia, "Timu yangu ilikuwa kubwa kuliko unavyohesabu." Tulipeana mikono. Nilitoka na mfuko wangu, na nyumbani mume wangu aliuliza kama najuta. Nilijibu kwamba nina njaa, tukala bukari na sombe, ugali wetu na majani ya muhogo, na swali lile halikurudi tena.

Nilikaa miezi bila kazi. Haikuwa rahisi na sitaki kuipamba. Kuna jirani aliyeniambia ningesaini tu, nani angejua, na kuna asubuhi nilizomkasirikia, na asubuhi chache zaidi nilipomwelewa. Sasa niko mahali pengine, ofisi ndogo inayotengeneza programu za kufuatilia malori. Wanatumia otomatiki nyingi, na wanafanya vizuri. Wiki iliyopita waliniletea matokeo, kijani yote, na karatasi, na biki. Niliivuta kompyuta karibu, nikafungua jaribio la kwanza kuona linauliza nini.

Chef mpya alisimama nyuma ya kiti changu. Ni kijana kuliko mimi, ananiita mama kwa heshima.

"Mama, itachukua saa ngapi?"

"Sijui."

"Ni kijani, lakini."

"Naona. Nenda ukanywe chai. Bado nasoma."